Je, wajua programu inajuaje kwamba mstari huu ni mtoto wa ule?

Zipo programu za kompyuta ambazo kazi yake kubwa ni kupanga vidokezo kwa ngazi: hoja kuu juu, hoja ndogo chini yake. Ukibonyeza kishale kilicho pembeni, hoja ndogo hukunjwa zisionekane. Ukiihamisha hoja kuu, ndogo zake huondoka nayo. Inajuaje zipi ni zake?

Kwa miaka mingi ningekujibu bila kusita kwamba inaangalia nafasi zilizoachwa kushoto. Mstari uliosogezwa ndani ni wa yule wa juu yake, kwisha. Kwa imani hiyo niliziona programu hizi ni anasa tu. Mambo ya kamati ya harusi niliyaandika kwenye programu ya kawaida ya kuandikia barua, nikisogeza mistari ndani kwa kitufe cha Tab, na ukurasa ukapendeza. Kisha nikakata neno "Chakula" ili nilipeleke juu ya "Usafiri". Likaenda peke yake. "Mchele", "wapishi" na "soda" vilibaki palepale, sasa vikiwa chini ya usafiri. Kwa mujibu wa ukurasa ule, soda ilikuwa aina ya basi.

Kosa langu lilikuwa kudhani nafasi ndiyo mpangilio. Kwa kawaida programu hizi huhifadhi, kwa kila mstari, mzazi wake ni nani. Nafasi ya kushoto huchorwa baadaye, kwa ajili ya macho yetu.

Chukua mkungu wa ndizi. Kila ndizi imeshikwa na chana lake, na kila chana limeshikwa na mkungu. Ukiutwika mkungu begani huhitaji kuhesabu ndizi, zote zinakuja. Sasa zichambue ndizi hizohizo, uzipange mezani kwa umbo lilelile. Mpita njia ataapa kwamba ameona mkungu. Mwambie aunyanyue kwa kushika ncha ya juu! Tab zangu zilikuwa ndizi za mezani.

Kukunja nako ni kama kuvundika ndizi: huzioni, lakini zipo zote. (Kuiva kwa hoja ni kazi yako mwenyewe, programu haisaidii.)

Wazo lenyewe si geni. Mtafiti wa kompyuta Douglas Engelbart alikunja na kukunjua orodha ya ununuzi mbele ya watu huko San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na mwaka 1983 kampuni ya Dave Winer ilitoa ThinkTank, programu ya aina hii, kwa kompyuta za Apple II.

Ukitaka ushahidi, hifadhi vidokezo vyako kwa OPML, mfumo wa faili wa kuhamishia vidokezo kati ya programu, ulioanza mwaka 2000. Ndani ya faili kila mtoto amefungwa ndani ya mzazi wake, hivyo hata ukifuta nafasi zote za mwanzo wa mistari, ukoo haupotei.

Ila nisijihukumu kupita kiasi. Programu ya Org, iliyoanzishwa na mwanaastronomia Carsten Dominik mwaka 2003, huweka nyota mwanzoni mwa kichwa: moja kwa mzazi, mbili kwa mtoto. Hapo alama ndiyo mpangilio wenyewe. Tofauti ni kwamba programu huzisoma nyota hizo kabla ya kuhamisha chochote.

Kwa hiyo unapochagua programu, usivutiwe kwanza na rangi. Andika mzazi na watoto wawili, mhamishe mzazi kwa kibodi, kisha toa faili uifungue kwenye programu nyingine. Watoto wakipotea njiani, achana nayo. Madai kwamba programu hizi zitakufanya ufikiri vizuri zaidi yachukulie kama maneno ya muuzaji.

Halafu kuna programu iitwayo Leo, ya Edward Ream, ambamo mstari mmoja unaweza kuwa na wazazi wawili. "Mchele" ukae chini ya "Chakula" na chini ya "Bajeti" kwa wakati mmoja, ukiurekebisha huku unabadilika na kule. Ndizi moja kwenye mikungu miwili: hapo mfano wangu umegonga ukuta.