Nissan ilikuwa ikimlipia nini Shekhar Mehta?

Kila magari ya ubingwa wa dunia wa rali yanapotua Naivasha kwa ajili ya Safari Rally, watu wanaojua kwamba mimi hukaa kiti cha mwelekezi, yule anayekaa pembeni ya dereva akimsomea noti za njia, huniuliza swali lilelile: mbona Mkenya hashindi tena? Zamani walishinda. Joginder Singh mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, Ian Duncan mwaka 1994. Tangu hapo, katika Safari ya kiwango cha dunia, hakuna. Wengi hudhani jibu ni pesa, na kweli pesa zimo. Ila mimi hupenda kuanza kwingine: dereva wa rali wa kulipwa anauza nini hasa? Nani anakinunua? Ukiyafuata maisha ya Mehta utaona bidhaa aliyokuwa akiuza, na utaona pia ilivyotoweka sokoni.

Alizaliwa Uganda mwaka 1945 katika familia yenye mashamba makubwa, akaanza rali akiwa na miaka 21 ndani ya BMW. Tusizunguke: alianza kwa sababu nyumbani kulikuwa na uwezo. Mchezo huu haukuwa wa kila mtu wakati ule, na sasa ndiyo kabisa. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili katika East African Safari nyuma ya Edgar Herrmann, wote wawili wakiendesha Datsun 240Z, gari la kampuni ya Nissan. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda, na akina Mehta wakahamia Kenya. Pasaka ya 1973 Shekhar akaishinda Safari, mwaka uleule ambao rali hiyo iliingia katika mashindano mapya ya ubingwa wa dunia.

Namna alivyoshinda inahitaji maelezo, maana mshabiki wa leo akiisikia huona kama hadithi. Rali ya siku hizi ni rahisi kuieleza: barabara inafungwa, saa inaanza, mwenye muda mfupi kuliko wote anashinda. Safari ya zamani ilianza mwaka 1953 kama sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na barabara haikufungwa. Lori la mahindi, mchungaji na ng'ombe wake, basi la Pasaka lililojaa abiria, wote walikuwa na haki ya njia sawasawa na wewe. Waandaaji waliweka vituo vya muda. Kutoka kituo hadi kituo ulipewa dakika kadhaa, nyingi za hizo zisizotosha kwa makusudi, na kila dakika uliyochelewa ilikuwa adhabu. Mwendo wote ulifika hadi kilomita elfu tano na ushei, mchana na usiku. Mwenye adhabu chache ndiye aliyepewa kombe.

Mwaka 1973 Mehta na Msweden Harry Källström, wote wa Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawa kabisa. Kilomita zote zile, halafu sare! Kanuni ya kutenganisha ilikuwa hii: ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kuandikiwa adhabu hata moja? Alikuwa Mehta.

Sasa chukua nafasi ya meneja wa timu kule Japani. Unataka gari lako lishinde Safari kwa sababu wanunuzi wa Afrika, Asia na Australia wanaiangalia kuliko rali yoyote ya lami ya Ulaya. Peugeot ilijenga jina lake Afrika Mashariki kwa ushindi wa gari lake la 404, ukiwamo wa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, mwaka 1966 na 1967. Lakini rali yenyewe inaua magari. Mwaka 1963 yaliondoka 84 yakafika saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika saba tena. Kwa hesabu hiyo, dereva mwepesi wa Ulaya anayezoea kusukuma gari hadi mwisho wa uwezo wake kwa kilomita ishirini ni hasara. Unachohitaji ni mtu anayejua kwamba bondeni mbele kuna drifti, yaani mahali barabara inapokata mto, ambayo juzi ilikuwa kavu na leo, kwa mvua iliyonyesha milimani, ina maji hadi kwenye boneti. Mtu anayeweza kuutazama udongo mweusi saa tisa usiku na kuamua kama gari litapita upande wa kushoto au litazama hadi asubuhi. Mtu anayeisikia shokomzoba ikianza kuchoka na kupunguza mwendo kabla haijang'oka.

Ujuzi huo haukuweza kununuliwa dukani. Ulikuwa kichwani mwa watu wachache waliokulia kwenye barabara hizi, na ndio uliouzwa. Ndiyo sababu tangu 1953 hadi 1971 hakuna dereva wa kutoka nje aliyeshinda Safari. Wa kwanza alikuwa Mfini Hannu Mikkola, mwaka 1972, na Ford Escort. Porsche walikuja na magari mepesi na madereva wakubwa, wakaambulia nafasi ya pili. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuwa ndani ya Porsche hiyo. Aliyemtangulia ni Joginder Singh, mtoto wa Kericho, katika kigari cha Mitsubishi Lancer.

Hapa niseme neno kuhusu sisi waelekezi, maana magazeti hutusahau. Zamani timu ya kiwanda ilikuja wiki kadhaa kabla, ikapita njia yote mara kwa mara kufanya reki, mwelekezi akiandika kila kona, kila tuta, kila jiwe. Dereva wa hapa alikuwa na faida ya ajabu: kwake reki haikuisha. Alikuwa akienda kwa shangazi, akienda harusini, akienda shambani, anaandika. Mehta alishinda 1973 na Lofty Drews pembeni yake, na mara nne zilizofuata na Mike Doughty. Katika rali nyingi za nje aliendesha na mkewe, Yvonne, ambaye alikuwa mwelekezi kamili, si abiria wa heshima.

Mara hizo nne ndizo zilizomfanya awe Mehta: 1979, 1980, 1981 na 1982, zote kwa Datsun na Nissan za umbo la kawaida kabisa, 160J na Violet GT, magari ambayo mengine ya aina hiyohiyo yalikuwa yakibeba walimu na makarani Nairobi. Mwaka 1979 Mikkola alikuja na Mercedes kubwa ya V8 akawa wa pili. Mwaka 1980 na 1981 wa pili alikuwa Rauno Aaltonen, Mfini aliyeitafuta Safari karibu maisha yake yote bila kuipata. Mwaka 1982 alikuwa Walter Röhrl, Mjerumani ambaye mwaka huohuo alitwaa ubingwa wa dunia. Natamani wanafunzi wa mchezo huu waitazame hiyo ya 1982 kwa makini. Röhrl alikuwa bora kuliko Mehta kwa kasi tupu. Sidhani Mehta mwenyewe angebisha. Lakini wala hakuhitaji kumshinda kwa kasi.

Je, bidhaa hiyo iliuzika nje ya Kenya? Kwa kiasi. Mwaka 1981 Mehta alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva, mwaka ambao Ari Vatanen alikuwa bingwa. Alipata alama pale barabara zilipokuwa mbovu. Argentina, mwaka huo, alikuwa wa pili na Yvonne. Walioshinda ni Guy Fréquelin na mwelekezi wake Mfaransa aitwaye Jean Todt. Kumbuka jina hilo, nitalirudia. Kwenye lami na theluji Mehta hakuwa mtu wa kutishia, na viwanda vilijua, hivyo mkataba wake ulikuwa wa mtaalamu wa barabara ngumu. Hilo si dogo. Madereva wengi wa kulipwa duniani huishi hivyo hivyo: wachache sana huajiriwa kwa msimu mzima, wengine huitwa kwa kazi moja wanayoiweza kuliko wengine, hulipwa pia kujaribu magari, na huhesabu siku hadi simu nyingine ilie.

Uendeshaji wake uliishia Misri mwaka 1987, katika Rallye des Pharaons, kwa ajali mbaya iliyomwumiza sana. Akahamia upande wa uongozi, na alipofariki London, Aprili 2006, alikuwa akiongoza Tume ya Rali ya FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari.

Soko nalo lilikuwa limeshaanza kubadilika yeye akiwa bado ndani ya gari. Magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne yalifanya matope yasiogopeshe kama mwanzo. Viwanda vikaleta helikopta, mtu amekaa angani anamwambia dereva kwa redio: ng'ombe kulia, lori baada ya kilima, endelea. Ukifikiri vizuri, helikopta ile ilikuwa inafanya sehemu ya kazi ya Mehta. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 washindi walikuwa Juha Kankkunen, Carlos Sainz, Miki Biasion, watu walioshinda popote. Duncan alipenya 1994 na Toyota Celica. Patrick Njiru naye alistahili kuandikwa zaidi ya alivyoandikwa: mwaka 1993 Subaru walimpa Vivio, kigari cha injini ya sentimita za ujazo 660, akakifikisha mwisho katika nafasi ya 12, wakati Colin McRae mwenye Vivio nyingine aliishia njiani. Hiyo ni ileile shule ya Mehta, darasa la mwisho.

Baada ya 2002 Safari ikatoka katika kalenda ya dunia. Iliporudi 2021 ilirudi wakati rais wa FIA ni Jean Todt, yule mwelekezi aliyeshinda Argentina, na ilirudi ikiwa kitu kingine: mikondo mifupi, yaani vipande vya barabara iliyofungwa vinavyopimwa kwa saa, kuzunguka Naivasha, jumla ya kilomita kama 320 za ushindani, na reki ya kupita mara mbili tu kwa mwendo uliowekewa kikomo. Mara mbili kwa kila mtu, awe ametoka Ufini au Gilgil. Mikondo mingi iko ndani ya mashamba na hifadhi za watu, ambako huwezi kwenda kujipitia Jumapili. Kwa kanuni hizo Mkenya hana tena la kumwuzia meneja wa Toyota. Barabara anaijua, sawa, lakini baada ya siku mbili za reki Mjapani naye anaijua, na kwenye gari Mjapani huyo ana maelfu ya kilomita za majaribio ambazo Mkenya hana. Mwaka wa kwanza Sébastien Ogier alishinda, Takamoto Katsuta akawa wa pili.

Sisemi ugumu umeisha. Mwaka huohuo Kalle Rovanperä alinasa kwenye vumbi laini la mkondo wa Kedong, lile wanaloliita feshifeshi, na Thierry Neuville alikuwa akiongoza hadi Jumapili shokomzoba ilipomkatikia. Lakini leo timu inajibu ugumu huo kwa kompyuta, majaribio na vipuri, kabla haijamfikiria mwenyeji.

Kwa hiyo kijana wa hapa anayetaka kuishi kwa usukani lazima auze kile anachouza kijana wa Estonia: kasi juu ya kila aina ya ardhi. McRae Kimathi, aliyepewa jina la yule Colin, alikimbia kwenye theluji ya Sweden Februari 2022, katika rali ya dunia, akiwa kwenye mashindano ya vijana ambako wote wanaendesha Ford Fiesta Rally3 zinazofanana. Ni njia sahihi, na ni ndefu. Bila msaada wa FIA au mdhamini mkubwa, ngazi ile ya madaraja ya magari, Rally4, Rally3 na Rally2, hupandwa kwa fedha za mfukoni, na kila daraja lina bei kubwa kuliko la chini yake. Ubingwa wa Afrika, ambao Manvir Baryan, Carl Tundo na Karan Patel wameuchukua miaka ya karibuni, ni shindano la heshima, ila hakuna kiwanda kinachotuma mtu kuutazama kikitafuta wa kuajiri.

Anayeniuliza aanzie wapi iwapo hana baba mwenye mashamba, humwambia aanzie kiti cha mwelekezi. Utahitaji leseni ya shirikisho, kofia yenye kibali, mavazi yasiyoshika moto, na mtu wa kukufundisha kuandika noti na kuhesabu muda. Wenye magari hapa Kenya hukosa waelekezi kila msimu kuliko wanavyokosa magari. Utazunguka Afrika kwa gharama ya mwingine, utajifunza kwa nini gari linavunjika, na utajuana na mafundi. Tayari unajua mwelekezi mmoja aliyeanza hivyo hadi akawa rais wa FIA.