Eliza Lucas hakuwa mkulima

Mara ya tatu mwaka huu nasikia Eliza Lucas Pinckney akitambulishwa kwa Kiswahili kuwa "mkulima mwanamke wa karne ya 18 aliyestawisha zao la nili South Carolina". Karne ndiyo. Jimbo ndilo. Nili, ile buluu nzito ambayo jina lake tumelipata kwa Waarabu, nao wakalipata India, ndiyo yenyewe. Neno linalonikwaza ni hilo la kwanza, mkulima.

Maana kwanza, kwa haraka. Waingereza wa makoloni ya Amerika walimwita mtu wa namna yake planta: mwenye ardhi kubwa, na watumwa wa kuifanyia kazi, anayezalisha zao la kuuza ng'ambo kama mpunga, tumbaku, miwa au nili. Basi, ndiyo maana yake. Sasa tazama tulivyolitafsiri.

Neno hilo la Kiingereza lina asili ya kushangaza kidogo. Karne ya 17 Waingereza waliposema plantesheni, mara nyingi walimaanisha koloni. Kilichopandwa kilikuwa watu: unawachukua kwao, unawaotesha kwenye ardhi ya wengine. Walifanya hivyo Ulster, kule Ireland, kisha wakafanya hivyo Amerika. Jimbo la Rhode Island lilibeba neno hilo ndani ya jina lake rasmi mpaka 2020, wapiga kura walipolifuta. Kwa hiyo planta wa awali ni ndugu wa mlowezi wetu, au setla kama wasemavyo Kenya. Kwa mkulima hana hata ujirani.

Mkulima je? Ni m-ku-lima, mtu wa kulima. Na kulima, kabla ya trekta na semina, ni kuinama na kuchimbua udongo kwa jembe. Kitenzi hiki kimejaliwa minyumbuliko, na ndiyo maana kosa hili linaniudhi kuliko lingekuwa katika lugha nyingine. Mwenye jembe analima. Anayevuna jasho la mwenziwe analimiwa. Anayeamuru nini kilimwe, wapi na lini, analimisha. Silabi moja tu imeongezeka, lakini ndani yake kuna tofauti ya mgongo wa nani unauma jioni. Lugha imetupa neno, mlimishaji, sisi tunaliruka.

Tumsikilize Eliza mwenyewe, maana aliweka nakala za barua zake kwa miaka zaidi ya 20 na bado zipo. Alizaliwa Antigua, kisiwa cha Karibi, mwaka 1722, akasomeshwa Uingereza, na mwaka 1738 familia ikahamia South Carolina. Mwaka uliofuata baba yake, ofisa wa jeshi la Uingereza, alirudi Antigua kwa sababu ya vita na Wahispania. Mama alikuwa mgonjwagonjwa. Binti wa miaka 16 akaachiwa Wappoo, shamba la ekari 600 karibu na Charles Town, pamoja na kusimamia kwa barua mashamba mengine mawili yaliyokuwa na manyapara wao. Katika barua moja anaeleza siku yake: anaamka saa kumi na moja alfajiri, anasoma mpaka saa moja, kisha anazunguka bustanini au shambani kuona kama watumishi wako kazini, ndipo anakwenda kufungua kinywa. Baadaye muziki, Kifaransa, na kadhalika.

Anazunguka kuona. Jembe halimo. (Na hao "watumishi" ni watumwa. Maneno yote mawili kwetu yametoka kwa kutuma, lakini mtumishi huweza kuomba ruhusa akaenda zake.)

Simnyimi sifa zake, na zipo nyingi. Baba alimtumia mbegu kutoka visiwa vya Karibi, akajaribu tangawizi, pamba, nili, hata muhogo, jambo ambalo lingemfurahisha shangazi yeyote wa Mtwara. Nili ya mwanzo ilipigwa na baridi kali. Mtaalamu aliyeletwa kutoka Montserrat, Nicholas Cromwell, akatia chokaa kupita kiasi ili rangi iharibike, akiogopa kuwa South Carolina itaharibu soko la kisiwa chake, Eliza akamgundua. Mwaka 1744 alipata mbegu za kutosha, akawagawia majirani badala ya kuzifungia kabatini. Kufikia 1748 koloni lilikuwa linasafirisha nili ya uzito wa zaidi ya pauni 100,000 (kama tani 45) kwa mwaka, na Bunge la Uingereza likaanza kuwalipa wazalishaji ruzuku. Alijifunza sheria kiasi cha kuwaandikia majirani maskini wosia. Alimkataa mchumba mzee mwenye mali, akimwambia baba yake kwamba hata utajiri wote wa Peru na Chile usingetosha. Alipofariki Philadelphia mwaka 1793, Rais George Washington alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Huyo ni mwanamke wa akili na mipango. Sema hivyo, nami nitakuunga mkono.

Lakini nili haipatikani kwa mipango. Mmea unakatwa, unalowekwa kwenye birika kubwa mpaka uchachuke, maji yanahamishiwa birika la pili na kupigwapigwa kwa muda mrefu mpaka yatoe povu na kubadilika rangi, chokaa inatiwa, tope la buluu linatuama, linachujwa kwa mifuko, linakatwa vipande na kukaushwa. Kazi hiyo inanuka vibaya sana na inaita nzi kutoka kila upande. Mabirika ya Wappoo yalijengwa na seremala mtumwa aliyeitwa Quash. Waliokata, waliobeba na waliopiga yale maji walikuwa Waafrika na watoto wao, na huko Afrika Magharibi watu walikuwa wakitia nguo nili tangu zamani, kabla Eliza hajazaliwa. Kama kulikuwa na wakulima Wappoo, basi ni hao.

Najua nitakachojibiwa: siku hizi hata mwenye ekari 200 na vibarua 50 tunamwita mkulima, na Nanenane anapewa cheti. Sawa, sitagombana. Lakini kibarua ana ujira, na akichoka anaondoka. Isitoshe, hakuna mzee wa Unguja atakayekuambia kuwa Seyyid Said alikuwa mkulima wa karafuu, ingawa mashamba yake ya karafuu yalihesabika kwa makumi. Sikio linakataa lenyewe. Kwa nini lisikatae kwa Eliza? Nadhani ni kwa sababu yuko mbali, ni binti, na hadithi yake ni tamu.

"Bibi shamba" nalo halifai, msinipelekee huko. Msomaji wa Tanzania atamwona Eliza anafika kwa pikipiki kukagua viwavi jeshi.

Basi ukitaka kumtaja tena, andika "mmiliki wa mashamba", au "mlimishaji" kama huogopi kuulizwa maana yake. Na kama nafasi ipo, ongeza "ya watumwa" baada ya "mashamba". Ni maneno mawili tu, yanaingia hata kwenye kichwa cha habari.