Gamba tupu kwenye tete

"Mwanangu, huyo alishakufa zamani," mzee mmoja aliniambia Jumamosi, aliponikuta nimechuchumaa kando ya kijito kinachopita nyuma ya migomba yake kuelekea Mto Kiwira. Kiganjani nilikuwa na kidude cha kahawia, kikavu, chenye miguu sita. "Hapana baba, hajafa," nikamwonyesha mgongo uliopasuka. "Ametokea hapa, akaruka." Lilikuwa gamba la kereng'ende.

Sisi humjua kereng'ende akiwa na mabawa, lakini sehemu kubwa ya maisha yake ni tunutu (mtoto asiye na mabawa) wa majini, miezi kadhaa, wengine hata miaka. Hujivua gamba mara nyingi humo humo majini. Mara ya mwisho ndipo hupanda tete au jiwe, aghalabu usiku au alfajiri, na kuliacha hapo likiwa limeng'ang'ania kwa kucha.

Lichungulie kwa lenzi. Kwenye mpasuko kuna nyuzi nyeupe, utadhani uzi wa kushonea uliokatwa. Huo ni utando wa ndani ya mirija ya hewa: mdudu huyu hujivua mpaka njia zake za pumzi! Chini ya kichwa kuna mdomo uliokunjwa kama mkono kwenye kiwiko. Akiwa hai huufyatua ghafla akanasa kiluwiluwi. Pumzi yenyewe, tunutu wa aina zenye mwili mnene huivutia nyuma, kwa kuingiza maji utumboni, na akishtuka huyafyatua akachomoka mbele. (Wanafunzi hawajawahi kuacha kucheka hapa.)

Nikipima usafi wa kijito, gamba moja nalithamini kuliko kereng'ende kumi wanaoruka. Anayeruka huenda ni mpita njia. Kereng'ende aitwaye Pantala flavescens huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki. Mwenye gamba amekulia hapa, na maji yalimtunza mpaka akaota mabawa. Ila lazima ujue ni wa jamii gani, maana wapo wanaovumilia uchafu. TARISS, mfumo wa Tanzania wa kupima mito kwa wadudu, hutoa alama kwa kila jamii kwa kuangalia hilo hilo.

Mzee aliniuliza kama ndiyo magamba yale yaliyojaa kwenye nguzo za kidaraja chake. Mvua haiyafikii huko chini. Tulihesabu 23, kiberiti changu kikajaa.