Ngozi ya kathodi: foleni ya ayoni ndani ya betri yabisi

Betri ya lithiamu iliyomo kwenye simu yako ina pande mbili, kathodi na anodi, na katikati yake kuna kimiminika chenye chumvi ya lithiamu. Ukiitumia simu, ayoni za lithiamu (atomu zenye chaji ya umeme) huvuka kimiminika hicho kwenda kathodini. Ukiichaji, hurudi zilikotoka. Kimiminika hicho, yaani elektroliti, kinashika moto. Betri yabisi ni ile ambayo elektroliti yake ni kitu kigumu, kauri au unga ulioshindiliwa, ili hatari ya moto ipungue na, ikiwezekana, anodi iwe lithiamu tupu inayobeba nishati zaidi.

Sasa ayoni inapitaje ndani ya kitu kigumu? Inaruka kutoka nafasi moja hadi nyingine ndani ya fuwele, na zipo fuwele ambazo nafasi zake zimepangika vizuri mno. Mwaka 2011 timu ya Ryoji Kanno nchini Japani ilitangaza mchanganyiko wa lithiamu, gerimaniamu, fosforasi na salfa unaopitisha ayoni kwa milisimensi 12 kwa sentimita katika joto la kawaida, kiwango cha vimiminika vyenyewe. Njia ya katikati ipo, basi. Tatizo liko kwenye kivuko: lami nzuri haikufikishi Diani mapema kama foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, haisogei. Kivuko chenyewe ni uso wa kathodi, unene wa nanomita chache tu.

Ukiichungulia kathodi kwa hadubini huoni bapa moja. Unaona punje za oksidi ya lithiamu, nikeli, manganizi na kobalti (kobalti nyingi duniani huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi), kila moja ya mikromita chache, zimechanganywa na unga wa elektroliti na kushindiliwa. Kimiminika kingepenya kila ufa. Unga haupenyi, kwa hiyo ayoni inapita pale tu punje zinapogusana.

Na hapo zinapogusana ndipo kemia inapoharibu mambo. Kathodi iliyochajiwa iko kwenye volti 4 hivi ikilinganishwa na lithiamu, ilhali elektroliti za salfa, kama ule mchanganyiko wa 2011, huanza kunyang'anywa elektroni kwenye volti 2.5 hivi. Zikinyang'anywa, ile fuwele nzuri huvunjika na kuacha salfa tupu, minyororo ya salfa, na fosfeti zilizochukua oksijeni kutoka kwa kathodi yenyewe. Takataka hizi hazipitishi ayoni vizuri, nazo hujikusanya palepale mlangoni. Ukiongeza unga wa kaboni ili elektroni zipite, kama ilivyo desturi kwenye betri za kimiminika, unaupa uharibifu huo njia zaidi.

Hewa nayo ina lake. Punje zenye nikeli nyingi zikiachwa wazi, lithiamu iliyo usoni mwa punje hushikana na unyevu na kabonidioksidi ikawa utando wa lithiamu kaboneti. Elektroliti ya salfa ikikutana na unyevu hutoa hidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza, ambayo ni sumu.

Dawa iliyozoeleka ni kuipaka kila punje ngozi nyembamba ya oksidi inayohimili volti 4. Kazunori Takada na wenzake wa Tsukuba, Japani, walionyesha mwaka 2007 kwamba lithiamu niobeti, ikipakwa juu ya oksidi ya lithiamu na kobalti, hushusha sana ukinzani wa mpaka huo. Maelezo yao yalikuwa kwamba bila ngozi, ayoni za upande wa elektroliti huhamia kathodini na kuacha nyuma ukanda mtupu, usio na ayoni za kutosha. Wengine wanasema kazi kubwa ya ngozi ni kuzuia salfa isiharibike. Mimi naegemea kwa hawa wa pili: uharibifu unaonekana kwa vipimo vya eksirei, lakini ukanda mtupu ni mgumu kuupima peke yake.

Ngozi yenyewe si njia nzuri. Lithiamu niobeti isiyo na mpangilio wa fuwele hupitisha ayoni pungufu mara elfu kumi hivi kuliko ule mchanganyiko wa 2011. Piga hesabu: nanomita 10 za ngozi huzuia sawa na mikromita 100 za elektroliti, kiasi cha unene wa unywele. Zikifika nanomita 100, ni kama umeweka milimita nzima. Afadhali eneo la punje zote kwa pamoja ni kubwa, na mkondo hugawanyika.

Wapo waliozikwepa volti hizo kubwa. Magari ya Autolib' yaliyokodishwa Paris kuanzia 2011 hadi 2018 yalitumia elektroliti ya polima, aina ya plastiki, na kathodi ya fosfeti ya chuma, yenye volti ndogo, lakini betri ililazimika kupashwa joto ili ayoni zisogee.

Kuna jambo ambalo ngozi haiwezi kulitibu. Punje yenye nikeli nyingi ikichajiwa husinyaa kwa asilimia kadhaa ya ujazo wake. Elektroliti ngumu haiifuati. Ufa unafunguka, na ayoni haiwezi kuvuka nafasi tupu. Maabara hujibu kwa kuibana betri kwa vyuma na skrubu, wakati mwingine kwa makumi ya megapaskali. Megapaskali 50 ni kama nusu tani juu ya kila sentimita ya mraba, na vyuma vya kubania kiasi hicho ndani ya gari vingekula uzito na nafasi yote iliyookolewa. Ukisoma habari ya betri yabisi inayojaa upesi, tafuta ilibanwa kwa megapaskali ngapi.