Mhitaji Zaidi Ndiye Asiyefika Ofisini

Mimi ni ofisa ustawi wa jamii katika halmashauri ya jiji. Miaka yote hii kuna jambo moja linaloniuma: jiji likikaa kusubiri wahitaji waje, litawahudumia wenye nguvu za kupanga foleni. Waliobaki ndani hawaonekani hata kwenye takwimu.

Siku moja bibi mmoja alifika mezani kwangu na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo mara mbili. Alilifungua polepole, vidole vimekakamaa. Mlikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, kadi ya kliniki na barua ya mtaa iliyochakaa kwenye mikunjo. Kitambulisho hakikuwamo, na kwa sababu hiyo dirishani walikuwa wamemrudisha mara mbili. Fomu zetu zimetungwa kwa mtu mwenye miguu mizima na macho yanayoona vizuri.

Gharama ya kusubiri ilionekana Chicago, Julai 1995. Joto kali la siku chache liliua watu zaidi ya 700, wengi wao wazee wanaoishi peke yao, baadhi wakiwa wamefunga madirisha kwa kuogopa wahalifu. Joto liliporudi mwaka 1999, jiji lilituma polisi na watumishi wake kubisha hodi kwa wazee. Safari hiyo vifo vilikuwa takriban 110. Sisemi hodi peke yake ndiyo iliyowaokoa, ila mimi nimeuchukua ushahidi huo kwa uzito wote.

Ufaransa nayo, baada ya joto la Agosti 2003 kuua watu wapatao 15,000, ilitunga sheria inayomtaka kila meya awe na daftari la wazee na wenye ulemavu walio wapweke, ili wapigiwe simu hatari ikija. Udhaifu wake ni kwamba kujiandikisha ni hiari, na aliyetengwa kabisa hana habari kwamba daftari lipo. Ndiyo maana napenda kile kipengele kinachomruhusu mtu mwingine, kama ndugu au daktari, kumwombea aandikwe, mradi mwenyewe asikatae.

Kutembelea watu majumbani si jambo jipya. Elberfeld, Ujerumani, ilianza mwaka 1853: jiji liligawanywa vipande vidogo, na kila mwangalizi wa kujitolea akapewa familia zisizozidi nne. Waangalizi wale walikuwa pia na ukali wa kuwachunguza maskini kama watuhumiwa, na hilo tusiliige. Lakini hiyo nne naiwaza sana. Ofisa mwenye mamia ya majalada hawezi kukumbuka ni nani amekosa dawa wiki hii; mwenye nyumba nne anajua hata mlango upi haujafunguliwa tangu juzi.

Kwa yule bibi nilikwenda mwenyewe, nikajaza fomu tukiwa tumekaa kibarazani kwake, na mjumbe wa mtaa akamthibitisha kwa maandishi wakati kitambulisho kikishughulikiwa. Nilipoaga, alinishika mkono akanielekeza chumba cha pili. "Mwanangu, na huyu je?" Ndani alilala mzee aliyepooza upande mmoja. Hakuwamo katika daftari letu lolote.