Soko la Hisa Hufanyaje Kazi, na kwa Nini Saa za Kufunguliwa Zina Uzito

Anayenunua hisa sokoni kwa kawaida hanunui kutoka kwa kampuni yenyewe. Kampuni hupata mtaji siku inapouza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo wawekezaji huuziana wenyewe kwa wenyewe, na kazi ya soko ni kuwakutanisha chini ya kanuni zilezile kwa mdogo na mkubwa.

Mwekezaji humwagiza dalali mwenye leseni, naye huingiza oda katika mfumo wa kompyuta wa soko. Oda za kununua hupangwa kuanzia bei ya juu kabisa, na za kuuza kuanzia ya chini kabisa, na penye bei sawa aliyetangulia ndiye anayehudumiwa kwanza. Ikiwa muuzaji wa bei nafuu kuliko wote anataka 102 kwa kila hisa, na mnunuzi aliyefika juu kuliko wote anatoa 100, hakuna biashara hadi mmoja wao alegeze. Bei, kwa hiyo, haipangwi na ofisa yeyote wa soko, jambo ambalo wengi bado hawaliamini.

Masoko mengi hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa sikukuu, ingawa la Saudi Arabia hufunguliwa Jumapili hadi Alhamisi. Kwa saa za mahali husika, New York huanza saa 3:30 asubuhi na kufunga saa 10:00 jioni, na London huanza saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:30 jioni. Tokyo hupumzika kuanzia saa 5:30 hadi saa 6:30 mchana, na tangu Novemba 2024 hufunga saa 9:30 alasiri, nusu saa baadaye kuliko ilivyokuwa.

Soko likiwa limefungwa, habari hazilali. Oda zilizopokelewa kabla ya ufunguzi hukusanywa, kisha mfumo hutafuta bei moja itakayowezesha hisa nyingi kadiri inavyowezekana kuuzwa kwa pamoja. Ndiyo maana bei ya asubuhi yaweza kuwa mbali sana na ile ya kufunga ya jana, hasa kampuni inapotangaza hesabu zake usiku. Kwa sababu hiyo ninamsihi kila anayetuma oda nje ya saa za soko ataje kikomo cha bei aliyo tayari kulipa, kwani oda isiyo na kikomo itakubali bei yoyote itakayokutwa mlango unapofunguliwa.

Mnunuzi na muuzaji wakishakubaliana, fedha na hisa hubadilishana mikono baadaye kidogo. Nchini Marekani muda huo ulipunguzwa Mei 2024 kutoka siku mbili za kazi hadi moja, hivyo anayeuza Ijumaa hulipwa Jumatatu, isipokuwa iwe sikukuu.