Kuchuliwa, Kunyooshwa na Mazoezi: Mtaalamu wa Fiziotherapia Anafanya Nini Hasa

Septemba 8 ni Siku ya Fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi) Duniani, na kila mwaka siku hizo tunatakiwa kusema na wananchi. Safari hii nianze na lalamiko linalojirudia kuliko mengine katika kitengo chetu hapa Kigoma: "Nimekuja mgongo unauma, mtaalamu hakunichua, kanipa mazoezi tu." Tunalipokea kwa heshima. Lakini ukweli ni kwamba wengi wenu mnakuja mkitarajia kumkuta mchuaji wa mtaani aliyevaa koti jeupe, na mkimkosa mnaona mmedhulumiwa.

Mikono tunaitumia, tena sana. Chukua mvuvi wa dagaa wa Katonga au Kibirizi, kazi yake kuvuta nyavu usiku kucha, bega limekaza hata kuvua fulana ni shughuli. Kwanza anatoa shati, tunatazama mabega yote mawili kwa nyuma. Ananyanyua mkono mwenyewe, halafu alegee tumnyanyulie sisi. Yeye akishindwa na sisi tukifika juu, tunaanza kushuku misuli au kano. Tukikwama sote mahali pamoja, huenda kiungo chenyewe ndicho kimeganda, na hapo tunauliza habari za sukari, kwa sababu bega kuganda huwapata zaidi wenye kisukari.

Baada ya hapo ndipo tunamlaza chali. Mkono mmoja unatuliza bega, mwingine unashika mfupa wa mkono karibu kabisa na kwapa na kuusukuma kuelekea miguuni, mwendo mdogo wa kwenda na kurudi ambao mtu aliyesimama pembeni anaweza asiuone. Nusu dakika, labda dakika moja. Anaketi, ananyanyua tena, tunapima kama amepanda. Mwendo huo una ngazi, na mpangilio unaotumika sana ni wa Geoffrey Maitland, mtaalamu wa fiziotherapia wa Australia: ngazi ya kwanza na ya pili ni za kutuliza maumivu, ya tatu na ya nne za kulegeza kilichokaza, ya tano ni ule msukumo wa ghafla ambao mara nyingi hutoa mlio. Mafuta hapo hayahitajiki, yanateleza tu. Tukichua msuli wenyewe ndipo tunapaka, na mkija na mise yenu ya nyumbani, yaani mafuta ya kokwa za chikichi, haina ubaya. Kazi inafanywa na mkono, si na chupa.

Kuhusu ule mlio. Ni gesi iliyomo kwenye maji ya kiungo, basi. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake, na kiungo kisipolia haina maana kwamba tiba imeshindikana. Vilevile diski ya mgongo si sabuni, haichomoki ikarudishwa kwa kidole gumba. Imeshikwa na nyuzi imara kati ya pingili mbili, na ile inayotuna mara nyingi hunywea yenyewe kwa wiki au miezi. Kwa hiyo anayekuambia "nimeirudisha" amekupa faraja na amekutoza hela. Na vijana mnaomaliza kunyoa mkamwachia kinyozi awakunje shingo mpaka iseme ka: ndani ya pingili za shingo inapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, ikichanika mtu anaweza kupata kiharusi. Hutokea kwa nadra, lakini sisi wenyewe, tuliosomea, hatuigusi shingo kwa namna hiyo kabla ya kuuliza maswali mengi.

Sasa kwa nini mazoezi. Kushikwa na kuchuliwa hupunguza maumivu kwa kuzituliza neva, na nafuu hiyo ni ya saa kadhaa, pengine siku chache. Katika muda huo misuli inakubali kufanya kazi iliyokuwa inaikataa, na kazi hiyo ndiyo inayobaki na mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo wa chini, Desemba 2023, lilitaja tiba ya mikono na kuchua miongoni mwa huduma zinazoweza kutolewa, pamoja na elimu na mazoezi. Mwongozo huohuo haukupendekeza mikanda ya mgongo kama tiba ya kawaida. Hii mikanda inayouzwa madukani, wengine mnaivaa mwaka mzima mpaka inachanika.

Kinachotusumbua zaidi ni majeraha. Mtu ameanguka kwenye mchikichi akikata mikungu, au bodaboda imemtupa, au mtoto ameangukia kiwiko. Cha kwanza anachofanyiwa ni kukandwa maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu huku ameshikwa asitoroke. Msifanye hivyo. Kama mfupa umevunjika, mnausogeza. Hata kama haukuvunjika, msuli uliopondeka ukichuliwa kwa nguvu siku za mwanzo unaweza kuota mfupa ndani yake, hasa kwenye kiwiko na paja, na kiwiko cha namna hiyo hukataa kukunja wala kunyooka. Vijiti vinavyofungwa na kukazwa sana navyo hukata damu. Mkono huanza na ganzi, vidole vinakuwa baridi, na tumeletewa watu ambao cha kuokoa hakikuwepo tena. Aliyeanguka kutoka juu asiketishwe kuangalia kama anaweza. Alazwe kwenye ubao au mlango, akiwa amenyooka, apelekwe kituoni.

Hata maumivu yasiyotokana na ajali yana mipaka. Usikubali kuchuliwa kama una homa, umekonda bila sababu, au mgongo unauma zaidi usiku ukiwa umelala. Kifua kikuu hushika hadi uti wa mgongo, na kwa wanaume watu wazima saratani ya tezi dume ikisambaa huweza kuumiza mgongo. Shavu la mguu mmoja lililovimba na kuuma linaweza kuwa na damu iliyoganda, na kulikanda kunaweza kuisukuma iende mapafuni. Mtoto mwenye goti la moto na homa ni wa daktari leo, si kesho. Ganzi sehemu za siri pamoja na mkojo kukwama au kutoka wenyewe ni dharura.

Wapo wachuaji na waunga mifupa wenye uzoefu, hatuwatukani. Lakini Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawataka wasajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, mtu na sehemu anayofanyia kazi. Kutoa huduma bila usajili ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani. Mwombeni cheti. Aliye nacho hukionyesha bila kukasirika.

Utaratibu wa kutufikia, kwa sababu mnapotea sana hapa. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Daktari akiona unahitaji fiziotherapia anaandika rufaa. Rufaa hiyo iwe na jina kamili kama lilivyo kwenye kadi ya bima, tarehe, na tatizo alilolikuta. "Mgongo" peke yake haitoshi, mwombeni aandike zaidi. Mwenye bima ahakikishe kifurushi chake kinagusa huduma hii kabla ya kupanga foleni. Njoo na eksirei ulizonazo, zile za zamani pia, na dawa zote unazomeza ndani ya pakiti zake, hasa diklofenaki mnazonunua wenyewe na kumeza miezi na miezi huku figo na tumbo vikiumia. Vaa kaptula kama ni goti; akina mama mje na kanga. Una haki ya kuhudumiwa na mtaalamu wa jinsia yako akiwepo, kuingia na ndugu, kuelezwa kila hatua kabla ya kuguswa, na kusema "acha" wakati wowote. Ukikosa miadi bila taarifa, nafasi anapewa mwingine na unapangiwa upya kama mgeni.

Karatasi ya mazoezi ije nayo kila mara. Kila siku uliyofanya itiwe alama siku hiyohiyo, maana zile zinazojazwa zote kwa pamoja kwenye benchi la kusubiri tunazitambua, na mgonjwa wa hivyo tunarudi naye zoezi la kwanza.